Azimio la Kutokuwapo kwa Samaki Ziwa Pinder

Halmashauri ya Mji wa Harthwick ilitangaza, kwa furaha na unyenyekevu, kwamba Ziwa Pinder halina samaki.

Tangazo lilibandikwa maktaba, posta, na, kwa ajili ya uwazi, kwenye mti ulio ukingoni mwa ziwa lenyewe, mahali ambapo samaki, kama wangekuwapo, wangeweza kulisoma. Lilitiwa saini na Mheshimiwa Diwani Rodney Tillotson, Mwenyekiti wa Halmashauri, mtu mwenye kifua kipana na sauti ya kufungulia maonyesho ya mboga. Alikuwa ameuongoza mji ule kwa muda mrefu kiasi kwamba mabenchi kadhaa na kivuko cha bata vilikuwa na jina lake.

Tusimwonee. Hakuamka tu asubuhi akawafuta samaki. Mchakato ulifuatwa. Mji ulihitaji maegesho ya magari, maegesho yalihitaji kiwanja, na kiwanja pekee kilichosalia kilikuwa na maji juu yake. Kwa sheria ndogo za Harthwick, maji yenye samaki ni "maji yanayotumika" na hayaguswi. Maji yasiyo na samaki ni "shimo lenye unyevu" na hufukiwa. Lilibaki swali moja la kitaalamu, wakaitwa wataalamu waelekezi, wakaja na gari jeupe kufanya upembuzi yakinifu. Siku hiyo mvua ilinyesha, kwa hiyo upembuzi ulifanyikia ndani ya gari, vioo vimepandishwa, wataalamu wakila pai za nyama. Ripoti yao ilikuwa nene na yenye jalada la plastiki. Ilihitimisha kwamba katika kipindi chote cha uchunguzi samaki hawakujitokeza.

Waliopinga walikuwa wachache. Chama cha wavuvi wa Pinder kilikuwa cha wastaafu zaidi, watu wa viti vya kukunja, chupa za chai na makopo ya funza. Kazi yao ilikuwa kukaa kimya kutwa, kuvua samaki, kumtazama, kumwambia pole, kisha kumrudisha majini. Aliyewaongoza ni Beryl Entwistle, mpishi mstaafu wa shule ya msingi, mama mwenye mikono ya kukandia unga, aliyemwita kila mtu "mpenzi", hata wale ambao angefurahi kuwaona wakizama. Rodney Tillotson mwenyewe alikuwa amekula chakula cha Beryl akiwa mtoto, na Beryl hakuwa mtu wa kuuacha mji usahau kwamba Mwenyekiti wao alikuwa akilia kila alipoona kastadi.

Beryl alikwenda kwenye kikao cha halmashauri na bahasha ya picha: samaki mikononi, samaki kwenye nyavu, samaki na wajukuu. Rodney alizipitia moja moja, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, kisha akatoa uamuzi ambao hadi leo wanasheria wa mji ule wanausifu. Kila samaki aliyeonekana pichani, alisema, alikuwa nje ya maji. Picha hizo basi zilithibitisha kwamba nje ya ziwa kuna samaki, jambo ambalo halmashauri haikuwahi kulikanusha.

"Sasa hao mnaodai kuwavua, wako wapi?" aliuliza.

"Tumewarudisha," alisema Beryl.

"Wapi?"

"Ziwani, mpenzi. Wewe ukivuliwa ungependa urudishwe wapi?"

Rodney akawageukia madiwani wenzake na kufungua viganja vyake, kama mtu ambaye hana haja ya kuongeza neno. Aliongeza hata hivyo. Alisema nchi hii imewahi kuwa na watumishi hewa na barabara hewa, lakini samaki hewa ndio kwanza anawasikia, na chini ya uongozi wake hawatavumiliwa.

Mtu mmoja kule nyuma alimwambia Beryl alete basi samaki mmoja kwenye ndoo, kesi iishe. Beryl alikataa. Alisema hawezi kumtoa mtu kwake asubuhi asubuhi kwa ajili ya kumpeleka kikaoni, kwani yeye mwenyewe alikuwa amekaa humo kwa muda tu na tayari alikuwa anaona kizunguzungu.

Alichosema baada ya hapo alikisema kwa sauti ya chini, akifunga bahasha yake. Alisema nyumbani kwake kuna saa ya ukutani na kiti cha mtu ambaye hayupo, na vyote viwili vinapiga kelele. Pinder hakuna hata kimoja. Rodney aliishukuru hoja hiyo akaiweka katika kundi la mengineyo.

Jambo lingeishia hapo kama si gazeti la mji. Mwandishi wake, Yasmin Kapadia, mwanamke wa makamo aliyekuwa amehudhuria vikao vya halmashauri kwa miaka mingi bila kusinzia, aliandika swali dogo tu: je, kuna kiongozi yeyote aliyewahi kutia ndoana mle ziwani akajionea mwenyewe? Rodney alilisoma akinywa chai. Alikuwa mtu wa vitendo. Kabla chai haijapoa alikuwa ametangaza Zoezi la Uthibitisho: yeye binafsi, mbele ya gazeti, atavua Pinder kuanzia asubuhi hadi saa ya chai ya jioni, asipate kitu, na suala lifungwe.

Maandalizi yalisimamiwa na Katibu wa Mji, Bi Philippa Gathercole, mwanamke mwembamba aliyeamini kwamba jambo ambalo halijaingia kwenye kumbukumbu za kikao halijatokea. Mwenyekiti alivishwa kofia ngumu na jaketi la kujiokolea, ingawa maji yaliyokuwa mbele ya kiti chake yalikuwa ya magotini. Fimbo ya kuvulia aliazimwa na Beryl, ambaye aliruhusiwa kukaa jirani kama mdau, kwa sharti la kutogusa chochote.

Mzozo ulikuwa juu ya chambo. Beryl alimsogezea kopo la funza. Rodney akarudisha kiti chake nyuma.

"Chambo ni kishawishi," alisema. "Na kishawishi, kwa lugha ya maadili ya viongozi, ni rushwa. Samaki kama yupo, ajitokeze kwa hiari yake."

"Ndoana tupu, mpenzi?"

"Ndoana huru," alisema Rodney, na Bi Gathercole akaliandika hilo kama kanuni ya kwanza ya zoezi: hakuna kumpa samaki chochote.

Wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi, lakini wahenga hawakuwa kwenye kamati.

Saa za kwanza zilikwenda vizuri. Hakuna kilichotokea, na Rodney alikisimamia kutotokea huko kwa ustadi mkubwa. Kiboya chekundu kilikaa juu ya maji kama diwani wa viti vya nyuma. Yasmin Kapadia alipiga picha. Bata walipita. Rodney alitoa maelezo mafupi kila baada ya muda: hali ni tulivu, matokeo yanaridhisha, samaki bado hawapo.

Kisha, kadiri jua lilivyopanda, kitu kikaanza kumkera. Mwanzoni hakujua ni nini. Alikuwa anashinda, na kushinda alikuzoea. Ila alikuwa hajazoea kukaa mahali kwa muda wote ule bila mtu kumjia. Kwenye maonyesho ya mboga wangemjia. Kwenye mazishi wangemjia. Hapa alikuwa amekaa na kofia yake ngumu, Mwenyekiti wa mji mzima, na chini ya yale maji ya kijani hapakuwa na hata mmoja aliyeona vema kuja kumsalimu. Alijua fika kwamba hawapo. Alilisaini mwenyewe azimio. Hata hivyo aliona ni dharau.

"Huwa wanachelewa hivi?" aliuliza, akitazama mbele.

"Nani, mpenzi?" alisema Beryl.

Rodney akaiweka sawa kofia yake ngumu.

Adhuhuri Bi Gathercole alirudi ofisini kufuata kibali cha mwavuli, kwa sababu mwavuli ulikuwa umefunguliwa bila kibali. Yasmin Kapadia alikwenda mjini kununua chipsi. Rodney akafungua chakula alichofungiwa na mkewe: mkate na nyama ya kopo, ile ya waridi inayotetemeka. Akala kipande. Akatazama kiboya. Akatazama barabara. Kisha akafanya jambo ambalo mtu hufanya pale nafsi inapoizidi ofisi: akauvuta mshipi, akamega nyama kidogo, akaichomeka kwenye ndoana, akairusha tena majini, akajifuta vidole kwenye suruali.

Beryl aliona yote. Alimimina chai, akainywa.

Haikupita dakika, kiboya kikazama.

Hakikuzama kwa wasiwasi. Kilizama kama mtu aliyeitwa. Fimbo ikapinda, kigurudumu cha mshipi kikalia, na Mwenyekiti wa Halmashauri akajikuta amesimama kwa miguu ambayo hakukumbuka kuiagiza isimame. Kofia ngumu ilidondoka ikaelea ikienda zake.

"Usimvute," alisema Beryl. "Mwache aende. Hapana, usimng'ang'anie, hii si kura. Mwache. Sasa mrudishe polepole. Polepole, Rodney."

Hakuna aliyemwita Rodney hadharani tangu alipochaguliwa, wala yeye hakulisikia. Aliyekuwa upande wa pili wa mshipi alikuwa anakwenda kushoto, na ulimwengu mzima ulikuwa upande wa kushoto. Kisha akaenda kulia. Aliingia kwenye matete, Rodney akaingia majini na viatu vyake vya ngozi kumfuata, akisema maneno ambayo hayamo kwenye kanuni za kikao. Aligundua kwamba anamwomba mtu kitu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu sana. Alikuwa anasema, "Tafadhali, bwana. Tafadhali."

Walimwingiza wavuni wakiwa wawili, Beryl akishika mpini na maji yakimfika kwenye magoti. Alikuwa samaki wa aina ya karpi, mzee, mnene kama mto wa kulalia, magamba ya dhahabu iliyochakaa, mdomo mzito wenye ndevu, jicho la mtu aliyeona tawala nyingi. Beryl alimpima kwa mizani yake ndogo, akapima tena, kisha akasema kwamba Pinder haijawahi kumtoa mkubwa kama huyu, si kwa wakati wake wala wa marehemu mumewe.

Ndipo Yasmin Kapadia alipotokea kwenye njia, chipsi mkononi. Aliziweka chini akainua kamera.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," aliuliza, "hicho ulichoshika ni nini?"

Rodney alitazama samaki. Samaki alimtazama Rodney. Msimamo wa halmashauri alikuwa akiujua kwa moyo, kila kifungu.

"Sina la kusema kwa sasa," alisema. Kisha, kwa kuwa kamera ilikuwa bado imeinuliwa, akamgeuza samaki kidogo ili ubavu wake mzuri upate mwanga.

Akamrudisha mwenyewe. Beryl alimwonyesha jinsi ya kumshikilia majini hadi apate nguvu, naye akabaki amechuchumaa katika tope, mikono chini ya lile tumbo baridi, akiusikia uhai ukirudi taratibu. Halafu mkia ukapiga, na mikono yake ikawa na maji tu. Katika utumishi wake wote hakuwahi kuachia kitu bila kushinikizwa na mahakama. Alishangaa kwamba alitamani amshike tena, si ili awe naye, bali ili amwachie tena.

Picha ilitoka ukurasa wa mbele. Rodney alikuwa amekata tepe nyingi maishani, lakini hakuwahi kucheka mbele ya tepe kama alivyocheka pale, nywele zimemlowa, jaketi limempanda masikioni. Alinunua nakala kwa ajili ya mkewe, na ya dada yake wa Skegness, na nyingine za akiba.

Kikao cha dharura kiliitwa na Makamu Mwenyekiti, Diwani Hugh Pargeter, mtu mpole aliyekaa kwenye umakamu kwa miaka kama godoro la wageni: lipo, limetandikwa, halilaliwi. Pargeter hakuja kwa shari. Alikuja na suluhisho. Alikumbusha kwamba, kwa uamuzi wa Mwenyekiti mwenyewe, picha ya samaki nje ya maji haithibitishi kitu. Alikumbusha kwamba zoezi lilifanywa kwa ndoana tupu, na hakuna karpi aliye na akili timamu anayemeza ndoana tupu. Hitimisho lilikuwa wazi na lenye heshima kwa wote: tukio halikutokea. Mwenyekiti atie saini tu kwamba alichoshika kilikuwa kitu chenye umbo la samaki. Malori ya kokoto yaje Jumatatu. Na maegesho, Pargeter alipendekeza, yaitwe Maegesho ya Tillotson, kwa herufi zinazowaka usiku.

Kalamu ikasukumwa mezani. Madiwani walishaanza kufunga mikoba. Kwenye viti vya wananchi Beryl alikuwa amekaa na koti lake limefungwa vifungo vyote, mikono mapajani, kama anayesubiri daktari amalize kusema.

Rodney aliichukua kalamu. Alilipenda jina lake, hilo hakuna asiyelijua, na herufi zinazowaka alikuwa ameziota. Aliisoma ile karatasi. Kitu chenye umbo la samaki. Aliisoma tena, na uso wake ukaiva taratibu kuanzia kwenye kola.

"Alikuwa samaki," alisema. "Mkubwa kuliko wote. Na hakumeza ndoana tupu. Nilimpa nyama ya kopo."

Bi Gathercole aliinua kichwa.

"Mwenyekiti, unakiri kwamba ulimpa kitu? Kinyume na kanuni ya kwanza?"

"Nilimega kwenye mkate wangu mwenyewe. Akaja mara moja. Hakusitasita." Alisema hivyo kwa fahari iliyomfanya mkewe, kule nyuma, afunike macho.

Sasa, Hugh Pargeter alikuwa mtu mpole, lakini hata godoro la wageni lina springi ndani. Alikitazama kiti cha Mwenyekiti, kile chenye ngozi na mikono ya mbao, na kwa mara ya kwanza akakiona kikiwa kitupu. Akasimama. Alisema kwa uchungu mkubwa kwamba mbele yao kuna kiongozi aliyekiri rushwa, na kwamba yeye, pamoja na mapenzi yote aliyonayo kwa rafiki yake, hana budi kuomba Mwenyekiti avuliwe wadhifa leo hii, kabla ya chai. Hoja iliungwa mkono kabla hajaketi. Wengi mle ndani walikuwa wakisubiri sababu tangu enzi za kivuko cha bata.

Bi Gathercole aliomba radhi kwa kukatiza. Kumbukumbu za shauri la rushwa, alieleza, haziwezi kukamilika bila kutaja aliyehongwa.

"Andika samaki," alisema Pargeter, jicho lake likiwa kwenye kiti.

"Wa wapi, Mheshimiwa?"

"Wa Ziwa Pinder, Philippa, wa wapi tena? Tupige kura."

Bi Gathercole akaandika, kwa mwandiko wake mzuri usio na haraka: samaki mmoja, mtu mzima, mkazi wa Ziwa Pinder. Mikono ikapandishwa. Ilipandishwa yote, na mmoja wa mikono hiyo ulikuwa wa Rodney Tillotson, aliyepiga kura ya kujiondoa huku akiwa na sura ya mtu aliyetambuliwa rasmi.

Pargeter alikalia kiti. Aliipapasa mikono yake ya mbao. Ndipo Bi Gathercole alipomsogezea karatasi ya kwanza ya uongozi wake, akimweleza kwa upole kwamba halmashauri, kwa kura isiyo na pingamizi, imethibitisha kuwapo kwa mkazi katika Ziwa Pinder, hivyo lile si shimo lenye unyevu tena, hivyo malori hayawezi kuja, hivyo kuna tangazo la kusaini. Pargeter aliuliza kama inawezekana kumtia hatiani Tillotson bila samaki. Bi Gathercole alisema inawezekana, ila itabidi Bwana Tillotson arudishiwe kiti.

Pargeter alikitazama kiti alichokalia, kisha karatasi. Akasaini. Na hivyo Halmashauri ya Mji wa Harthwick ikatangaza, kwa furaha na unyenyekevu mwingine, kwamba Ziwa Pinder lina samaki, na mpaka leo Mheshimiwa Mwenyekiti Pargeter huegesha gari lake nyuma ya kanisa, kwenye tope, akatembea.

Rodney aliomba kujiunga na chama cha wavuvi wiki hiyohiyo. Beryl alimkubalia, akampa nafasi ya wanachama wapya, karibu na pipa la taka, penye nyigu. Hakuna aliyemjia na ombi wala malalamiko. Alikaa pale majira yote ya joto, na funza, na mahindi ya kopo, na nyama ya kopo ya kila namna. Alijifunza kunyamaza, ingawa kwa taabu, na alipoulizwa juu ya yule karpi alitanua mikono kidogo zaidi kila wiki, kama wengine. Kiboya chake hakikutikisika hata mara moja.

Asubuhi moja ya mwisho wa Agosti, ukungu ukiwa bado unatambaa juu ya maji na Beryl akimrudisha samaki wake wa tatu, Rodney alishindwa kujizuia.

"Niambie ukweli," alisema. "Wapo kweli upande huu?"

Beryl alikung'uta maji mikononi, akachukua kikombe chake.

"Wapo, mpenzi," alisema. "Ila wamesikia huna cheo tena."